Mazishi ya Mitihani ya Kidato cha Pili

Kwa heshima na taadhima, napenda kuwashukuru watu wawili na kundi moja la wadudu. Bila wao, leo ningekuwa nyumbani, kijijini Kate, nachunga mbuzi wa baba na kumweleza kila jirani kwa nini sipo shuleni.

Ieleweke kwamba jina langu, Isdori, lina historia. Ni mimi niliyemfungia kuku ndani ya sanduku la kiranja wa bweni. Ni mimi pia niliyejificha nyuma ya ukumbi na kutangaza, kwa sauti ya mkuu wa shule, kwamba Jumatatu hakuna masomo. Baada ya hilo nilipewa onyo la mwisho, kisha nikakabidhiwa klabu ya mazingira, kama mgonjwa anayehamishiwa wadi nyingine.

Klabu ilikuwa ya Mwalimu Rhoda, anayetoka Tanga na ambaye baridi yetu ya Sumbawanga humvalisha makoti mawili. Nyuma ya jiko letu kuna kijisitu cha miyombo, na kila muhula kinapungua, maana maharage ya bweni zima hayaivi kwa maombi. Jambo hilo lilimnyima raha. Alitaka tutengeneze mti mkubwa wa karatasi chakavu, tuupeleke kwenye maonyesho ya shule mtaani Majengo.

"Karatasi hizi zilikuwa miti," alituambia, akitua rundo la mitihani ya zamani ya kidato cha pili. "Watu wakumbuke."

Nikachomoa karatasi yangu ya hisabati. "Mwalimu, na hii ilikuwa mti wa aina gani?"

"Mti uliokatwa bure, Isdori."

Nilimpenda kuanzia hapo.

Alipoitwa kwenye semina Mpanda, alituachia kazi mimi na rafiki yangu Shigela: tuloweke karatasi zile mpaka zilainike, akirudi tuzitwange ziwe uji wa kufinyangia mti. Siku hiyohiyo pampu ya shule ikafa. Maji ya kunywa tuliyapanga foleni; ya kuloweka mitihani nani angetupa?

"Tusubiri, mshikaji," alisema Shigela, ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga.

Lakini mimi, kwa mara ya kwanza tangu nianze bweni, nilikuwa nimeamua kufanya kazi. Na sisi Wafipa, tukitaka kitu kilainike, hatuhitaji ndoo. Mvua zinapoelekea kuisha tunakata udongo pamoja na majani yake, tunaugeuza, tunaupanga kuwa tuta la duara liitwalo ntumba, majani yakiwa ndani. Yanalainika yenyewe. Na karatasi ni nini, kama si majani yaliyopelekwa shule? Nikachukua jembe, nikaenda kwenye shamba la shule, nikajenga matuta mstari mzima, kila moja na mitihani tumboni.

"Unazika mitihani?" Shigela aliniuliza.

"Nailainisha."

"Maelezo hayo, Isdori, hata ng'ombe wa baba hawezi kuyala."

Mwalimu Rhoda aliporudi alikuta ndoo tupu. Kiranja, yule wa kuku, alikuwa ameshapeleka taarifa kwa furaha kubwa: Isdori ameizika klabu ya mazingira. Tukakutana shambani, mimi, Shigela, mwalimu na mkuu wa shule mwenyewe. Mkuu akafumua tuta la kwanza kwa jembe. Mchwa wakatawanyika. Karatasi zilikuwa na matundu kila mahali.

"Si tulikubaliana?" mkuu akasema, bila hata kupaza sauti. "Nenda kafunge vitu vyako."

Nikaeleza ukweli. Lakini ukweli wangu ulikuwa umevaa sare ya uongo: pampu, udongo, majani yaliyosoma. Hata Shigela, aliyekuwapo, akainamisha kichwa.

"Mwalimu, naapa sikutania."

"Uliapa hivyohivyo kuhusu kuku," mkuu akasema.

Kumbe inawezekana mtu akalia bila mtu kumfinya.

Mkuu akapita kando ya matuta, labda akitafuta njia ya kutokea, kisha akasimama. Akachuchumaa. Akatia vidole ubavuni mwa tuta moja.

"Majani umeyageuzia ndani."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nani alikufundisha?"

"Bibi, mwalimu."

"Na huu mfereji?"

"Maji yasituame."

Akalipapasa lile tuta. Mkuu wetu naye ni Mfipa, ingawa suti humsahaulisha. Alipoinuka, magoti ya suruali yake yalikuwa na udongo.

"Madam," alimwambia Mwalimu Rhoda, "mtu anayetania hachimbi mfereji. Huyu alifanya kazi. Bahati mbaya aliifanya vizuri. Ila karatasi zilikuwa zako. Akiondoka au akibaki, amua wewe."

Mwalimu Rhoda akasogea kwenye tuta lililofumuliwa. Aliinua karatasi moja, akaikung'uta, akaielekeza kwenye jua. Mwanga ukapita kwenye matundu, ukamdondokea madoadoa juu ya koti. Akainua nyingine. Nilihesabiwa hatia na kusamehewa kwa kila karatasi aliyoishika.

"Isdori, unajua kushona?"

"Vifungo tu, mwalimu."

"Inatosha. Kesho baada ya masomo uje na Shigela. Leteni uzi."

Hatukutwanga chochote. Tulizitunga karatasi zilizotafunwa kwenye fremu ya fito, zikaning'inia kama matawi, na nyuma yake tukawasha taa. Pale Majengo watu walisogea wasome maswali. Wakifika karibu wakaona kwamba mengi hayapo. Mama mmoja, mikono yake ikiwa bado na weusi wa mkaa anaouza, alisimama muda mrefu.

"Matundu haya ni ya nini?"

Mwalimu Rhoda akaniachia nijibu. Nilitafuta utani, sikuupata.

"Palikuwa na kitu, mama. Kimeliwa kidogo kidogo, na hakuna aliyesikia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ndivyo ilivyo. Siku hizi miti naifuata mbali hata miguu inalalamika. Mti huu umeutengeneza wewe?"

"Mchwa, mama. Mimi niliwakaribisha tu."

Akacheka, akaenda kumwita mwenzake naye aje aone. Mkuu wa shule alikuwa amesimama nyuma yetu. Alimuuliza Mwalimu Rhoda kama anamfahamu fundi wa majiko yanayokula kuni chache, na wakaondoka wakizungumza.

Jioni, tulipokuwa tunazishusha karatasi, nilimwambia Mwalimu Rhoda, "Asante, mwalimu."

Akanitazama, akisubiri. Ananijua.

"Halafu?"

"Basi, mwalimu. Asante tu."

Akanipa upande mmoja wa fremu nishike, tukaibeba.