Nguzo ya Mgeni

Runinga ilipofika katika shule ya kijiji cha kisiwani, ng'ambo ya ghuba ya Pago Pago, wazee waliipokea kama wanavyopokea mgeni. Waliiweka kwenye nguzo ya mwisho wa nyumba ya kijiji iliyotumika kama darasa, mahali anapokaa chifu, wakaitandikia mkeka laini na kuivika shada la maua. Mwalimu Vaosa aliona ni sawa kabisa. Mgeni si wa kuwekwa popote tu.

Kila asubuhi, kutoka kituo cha mjini, Bi Whitlock alitokea kwenye kioo kufundisha Kiingereza. Aliinua samaki wa karatasi, akauliza, "Hiki ni nini?" kisha akatulia kidogo, akitabasamu, akingoja.

Watoto walikaa mkekani, miguu wameikunja, macho chini. Kimya. Mtoto akilazimika kupita mbele ya kioo, aliinama mpaka mgongo ukalala, akinong'ona, "Tulou," kuomba radhi.

"Vizuri sana!" Bi Whitlock alisema, kana kwamba amejibiwa.

Mkaguzi wa shule, Asuega, alipokuja kutazama, alimvuta Vaosa pembeni. "Dada, hawa watoto ni mabubu?"

"Mabubu? Njoo nyumbani kwangu wakati wa kula uone."

"Sicheki. Narudi Alhamisi. Nikiwakuta hivi, darasa nitampa mwalimu mwingine."

Vaosa alirudi nyumbani amekufa moyo. Darasa lile alianza kulifundisha angali msichana. Hata binti yake, Penina, sasa alikuwa mmoja wa wanafunzi. Akiwa jikoni akimenya taro, magimbi ya kwao, alisikia kelele bombani. Penina alikuwa amesimama juu ya ndoo, ameinua kandambili.

"Hiki ni nini?"

"Samaki!" binamu zake walipiga kelele, kwa Kiingereza safi.

"Samaki gani ana kamba? Nyie wajinga, hiki ni kiatu!"

Vaosa akatoka na kisu mkononi. "Penina! Kumbe unajua! Mbona darasani hufungui mdomo?"

Mtoto akamshangaa. "Mama nawe! Yule amekaa kwenye nguzo ya chifu. Nimrukie na maneno, halafu bibi yangu anichape?"

Vaosa alisimama pale mpaka utomvu wa taro ukaanza kumwasha vidole.

Kesho yake alikwenda kwa chifu Seuli, akakaa mbali naye kidogo, kama inavyopasa.

"Mheshimiwa, naomba runinga tuihamishe. Tuiweke nyuma, wanakokaa vijana wanaokoroga kava, kinywaji cha wazee."

"Unamtoa mgeni mahali pake?" Sauti ya mzee ilikuwa nzito.

"Anauliza, mheshimiwa, na watoto hawamjibu kwa sababu wanamheshimu. Wataendelea kumheshimu hivyo mpaka mimi nifukuzwe."

Seuli alijipepea. Kisha bega lake likaanza kutikisika, alikuwa anacheka. "Na mimi nilienda kumsalimia siku ile ya kwanza. Nikahutubia vizuri, maneno yote ya heshima. Akanionyesha samaki." Akajifuta macho. "Mpeleke nyuma. Lakini mkeka wangu nirudishie."

Alhamisi Asuega aliikuta runinga imekaa chini, karibu na pipa la maji, bila ua hata moja. Bi Whitlock aliinua kikapu. "Hiki ni nini?"

"Kikapu!" Nyumba nzima ililipuka. Mmoja akaongeza kwamba kimesukwa vibaya, kinavuja. Asuega mwenyewe akacheka mpaka akashika nguzo.

"Darasa ni lako, dada," alisema akiaga. "Ila wapunguze kelele, nimewasikia tangu barabarani."

Vaosa alizima runinga. Zamu yake ilikuwa imefika, ya kurudia somo. Miguu yake ikaanza kumpeleka, kwa mazoea ya miaka, mpaka kwenye nguzo ya mwisho, pale pa chifu, alipofundishia siku zote. Akasita. Watoto, waliokuwa wakipayuka sasa hivi tu, walikuwa wameanza kushusha macho, mmoja baada ya mwingine.

Basi akageuka. Akaenda nyuma, akakaa mkekani kando ya pipa la maji, bega kwa bega na kile kioo kilichozimika. Akachukua chaki na ubao mdogo, akachora kikapu, akaandika chini neno lenyewe kwa Kiingereza.

Mkono mdogo ukapanda, ukashuka nusu, ukapanda tena. Ulikuwa wa Penina.

"Mwalimu," alisema, akimtazama usoni, "kikapu chako hakina mkono. Tutakibebaje?"

Vaosa akamsogezea chaki.

"Njoo," alisema. "Nionyeshe."