Fundo Kwenye Gurudumu la Ambulensi

Ko. Ko. Ko.

Kila gurudumu la mbele la kushoto lilipotumbukia shimoni, chuma kiligonga chuma chini ya miguu ya Selpha, na kila kilipogonga, Perez alifumba macho pale alipolala kiti cha nyuma. Walikuwa wanatoka Kisumu, kwenye mashine ya kusafisha damu. Siku ya mashine ilikuwa hivyo: asubuhi anapelekwa uso umevimba kama aliyeumwa na nyuki, jioni anarudi mwembamba, amechoka, lakini anauliza kuna nini cha kula. Jumanne na Ijumaa. Daktari alisema ukiruka siku moja maji yanapanda mapafuni. Mwezi wa tatu pikipiki ilianguka nao njiani, wakaruka siku moja, na Selpha akaona kwa macho yake mtoto wa miaka kumi na tisa anazama juu ya godoro kavu. Tangu siku hiyo alilitoa gari la marehemu mume wake chini ya maturubai, akaanza kuliendesha mwenyewe.

"Mama, hiyo kitu inalia tena."

"Nimesikia."

"Si fundi aliweka mpya?"

"Aliweka. Lala, nyathina, lala mwanangu."

Hiyo mpya ilikuwa imeishi siku kumi na moja. Ilikuja na boksi lake na mhuri wa ubora, na juu ya boksi picha ya gari linapanda mlima. Mlima gani, hakuna anayejua. Kwao hakukuwa na mlima, kulikuwa na kilomita kumi na moja za mashimo kutoka lami ya Luanda Kotieno mpaka kijijini, na pale njia inapoachana na lami kulikuwa na bango la mradi lililoandikwa kwamba kazi imekamilika. Gurudumu liligonga mara mbili mbele ya bango hilo.

Jumatano asubuhi aliinua gari kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto. Ilikuwa ni boljointi, kile kifundo cha chuma kinachoshikanisha gurudumu na mkono wa gari. Mume wake Okinyi alikuwa akibeba samaki wa wachuuzi kwa gari hilohilo, na kila alipolala chini yake Selpha ndiye alikuwa akimpa spana. Alikumbuka maneno yake: "Hii ikichomoka, gurudumu linalala kando kama ng'ombe mgonjwa, na gari linaenda mahali linataka lenyewe."

Akampigia simu Wahome, anayeuza vipuri mjini Kisumu.

"Mama Perez, ile ya boksi nilikwambia siiamini. Wewe ukasema ni dharura."

"Nipe basi ile ya kweli."

"Ya kweli iko kwa lori, na lori iko Ahero. Maji imekata barabara. Dereva analala juu ya mzigo tangu Jumapili."

"Ijumaa itafika?"

"Ijumaa? Ikifika mapema sana ni Jumatatu."

"Perez ni Ijumaa, Wahome."

"Pole sana, mama. Ningekuwa na ya zamani, hata iliyochoka, ningekupea."

Ya zamani, isiyochoka, Selpha alijua mahali iko moja tu.

Nyuma ya zahanati kulikuwa na ambulensi. Ilikuwa stesheni wagoni kama gari la Selpha, mwaka uleule, hata rangi ileile nyeupe, ila hiyo ilichorwa msalaba mwekundu mlangoni. Ilikuwa imekaa juu ya mawe mwaka wa pili sasa. Injini ilitolewa ikapelekwa kutengenezwa, na hapo ndipo habari yake iliishia. Kuku wa jirani walikuwa wakipita chini, wanaingilia pale injini ilipokuwa, wanataga.

Alhamisi alimkuta Sista Nelima, msimamizi wa zahanati, anagawa dawa za minyoo.

"Sista, naomba boljointi ya ile ambulensi. Ya kushoto. Jumanne nikipata yangu naja kuirudisha mahali pake."

Nelima alianza kucheka, kisha akamwangalia vizuri akaacha. "Mama Perez, hata hiki kiti nimekalia kina namba ya serikali chini yake. Andika barua."

"Barua inaenda wapi?"

"Inakuja kwangu. Mimi naipeleka ofisi ya magari. Wao wanaleta mtu wa kukagua."

"Inachukua siku ngapi?"

"Ya tangi la maji niliandika mwaka juzi."

Wote wawili wakatazama tangi kupitia dirishani. Lilikuwa na ufa ambao mtu angeweza kupitisha mkono.

"Leo nafunga saa saba," Nelima akasema, macho kwenye kitabu chake. "Niko na mkutano."

"Na mlinzi?"

"Mkataba wake uliisha Januari." Akaandika jina la mtoto fulani, akapuliza wino ukauke. "Mimi sijasikia kitu."

Saa nane jua likiwa kali, Selpha alikuwa amelala chali chini ya ambulensi na chupa ya mafuta ya taa kifuani. Hakujificha. Angejifichaje, na njia ya kwenda bichi, kwenye mitumbwi ya samaki, inapita palepale? Wanawake wa omena, wale dagaa wa ziwani, walipita na mabeseni yao, mmoja akainama kumtazama.

"Mama Perez! Kumbe siku hizi umeandikwa kazi na kaunti?"

"Tangu leo!"

"Basi tuambie stima ya nyumba zetu inarudi lini!"

"Hiyo ni ofisi ingine!"

Wakacheka wakaenda zao.

Kutu ilikuwa imekula nati mpaka hazina kona. Alimwagia mafuta, akangoja, akapiga nyundo, akangoja tena. Ile kubwa yenye meno ilitoka na vipande vya ngozi ya kiganja chake. Kifundo chenyewe kiligoma. Alikumbuka kwamba Okinyi hakuwa anakipiga chenyewe, alikuwa anapiga ubavuni mwa chuma kilichokishika, kwa nguvu, mara moja, kama mtu anayempiga mlevi mgongoni. Alipiga hivyo. Kikaruka. Kuku wawili wakatoka mbio chini ya boneti.

Alikitazama kwenye jua. Kilikuwa kigumu, kimejaa grisi, hakichezi hata kidogo. Kilikuwa hakijafanya kazi.

Sasa chuma cha gurudumu kilibaki kinaning'inia kwa mpira wa breki peke yake, na mpira ukivutwa hivyo unakatika. Okinyi hangeacha gari la mtu vile. Selpha akatoa mfukoni uzi wa nailoni, maana kazi yake ilikuwa kushona nyavu za wavuvi pale bichi na uzi haukukosa kwake hata siku ya kanisa. Akakifunga chuma kwenye springi: akazungusha mara tatu, akarudisha uzi chini kwa mkono wa kushoto, akakaza kwa meno, akaukata karibu kabisa. Mkono ulifanya hayo wenyewe. Kichwa chake kilikuwa kwenye Ijumaa.

Pale bichi kila mshonaji ana fundo lake la kumalizia. Ndivyo wavu ukiibwa ukipatikana Mbita, ng'ambo ya ziwa, wanajua ni wa nani. Hilo la kurudi chini kwa kushoto alifundishwa na baba yake, na baba yake alikuwa amekufa.

Nyumbani Perez alikaa kwenye kigoda, nati zote ziko kwenye kifuniko cha sufuria mapajani mwake.

"Mama, unajua kweli?"

"Nusu najua. Nusu ingine nitajua sasa hivi."

Iliingia. Pini ya kuzuia nati ilikuwa imevunjika, kwa hivyo alipitisha msumari akaukunja huku na huku. Alishusha jeki, akazunguka na gari mara mbili uwanjani, kisha akalipitisha makusudi juu ya mzizi wa mwembe.

"Hailii," Perez akasema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akacheka.

Ijumaa walienda wakarudi. Njiani Perez alikula vipande viwili vya muhogo, akalala, na mashimo yote kilomita kumi na moja hayakumwamsha.

Jumatatu Wahome alituma ujumbe: mzigo umevuka. Selpha akapanga kwamba kesho, Perez akiwa kwenye mashine, atakimbia dukani. Hajamaliza kupanga, mtoto wa jirani akaja kusema msaidizi wa chifu, Mzee Odongo, anataka aje na gari zahanati. Alidhani kuna mgonjwa. Aliweka hata leso safi kiti cha nyuma.

Nyuma ya zahanati kulikuwa na gari kubwa la serikali, askari mmoja, fundi mwenye ovaroli, na mwanamume wa miwani aliyejiita Bwana Oyugi wa ofisi ya magari. Wakaguzi wa serikali walikuwa wamemuuliza kwa maandishi kwa nini ambulensi ya kata haijabeba mtu miaka miwili. Alikuja kutafuta jibu. Mzee Odongo alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, kidole kiko juu ya uzi.

"Si ni lako hili?" akamuuliza Selpha, na alikuwa anatabasamu. "Nimemwambia bwana mkubwa, bichi yote hakuna mwingine anafunga hivi. Liko kwenye nyavu zangu zote! Halijawahi kufunguka."

Kisha akaona Oyugi anatoa kalamu, na tabasamu likamkauka.

"Mama, fundo ni lako?" Oyugi akauliza. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Ni langu."

"Kwa hivyo unakubali."

"Nakubali nilifunga ili isiharibike. Boljointi nilichukua, kesho nilikuwa nairudisha. Muulize Sista."

Nelima alikuwa anatazama viatu vyake. "Alhamisi nilikuwa mkutanoni," akasema.

"Mama, unajua hili ni gari la wagonjwa?" Oyugi akaendelea.

"Mimi pia niko na mgonjwa."

"Wewe una mmoja. Hili ni la kata nzima."

"Hilo halina injini."

"Nani alikwambia?"

"Fungua boneti, bwana."

Askari akamtazama Oyugi. Oyugi akatazama saa yake. "Hatukuja kwa mambo ya injini. Tumekuja kwa mambo ya wizi."

"Kuku wanataga hapo ndani! Mzee Odongo, si wewe unajua? Fungueni hiyo boneti!"

Mzee Odongo akapangusa kidole chake kwenye suruali.

"Mama, usipaze sauti," askari akasema.

Oyugi aliandika akiwa amelaza karatasi juu ya boneti yenyewe. Kisha akampa Selpha asome. Selpha aliishia darasa la saba, kwa hivyo alisoma pole pole, kidole chini ya maneno. Ilisema gari la wagonjwa liliacha kufanya kazi siku ya Alhamisi kutokana na kitendo cha mshukiwa Selpha Akello, ambaye amekiri.

"Hii si kweli."

"Ni sehemu gani si kweli?"

"Yote. Isipokuwa jina langu."

"Sawa." Oyugi hakukasirika hata kidogo. "Ukikataa, afande anaenda nawe, unalala ndani, kesho tunakupeleka kortini. Ukiweka sahihi unarudi nyumbani, unangoja kuitwa."

Kesho ilikuwa Jumanne.

Selpha aliomba kalamu.

Fundi wa ovaroli aliinua gari la Selpha kwa jeki yake mwenyewe, akatumia spana zake mwenyewe, maana za serikali hazikuja. Aliunyoosha msumari akautazama, akatikisa kichwa, na kwa sauti ya chini akasema, "Umefunga vizuri, mama." Boljointi ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye karatasi ya namba.

"Si basi muirudishe kwa ambulensi?" Selpha akauliza.

"Hicho ni kielelezo," Oyugi akasema. "Hakiguswi mpaka kesi iishe. Na gari lako lisitoke hapa."

Wakaliacha juu ya mawe, kando ya lile lingine.

Jumanne jua likichomoza alimsimamisha mtu wa pikipiki. Perez hakuweza kukaa peke yake. Uso ulikuwa umevimba tena na pumzi ilikuwa fupi. Wakamweka katikati, na Selpha nyuma yake. Alimzungushia leso, kisha uzi wa nyavu mara tatu, yeye na mtoto na dereva pamoja, akarudisha chini kwa kushoto, akakaza kwa meno.

"Mama Perez, tukianguka si tutaanguka wote?" dereva akasema.

"Ndiyo, usianguke."

Njia ilipita nyuma ya zahanati. Magari mawili meupe yalikuwa yameinamiana, kila moja limekosa kifundo kilekile. Kuku mmoja alikuwa tayari amepanda dirishani mwa gari la Selpha, anachungulia ndani kwenye leso safi. Kwenye ambulensi kulikuwa na kitu kipya, cha kwanza kwa miaka miwili: mnyororo umezungushwa kwenye boneti, na kufuli kubwa la shaba linang'aa.

Pikipiki ikaingia kwenye mashimo.

"Perez," Selpha akaita. "Perez, niambie kitu."

Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeangukia mbele, juu ya kofia ngumu ya dereva, na kwa kila shimo kiligonga.

Ko. Ko. Ko.