Mabano ya Adolfu

Mimi ni mtu wa kujisifu, sifichi. Mwaka 1976 mtaalamu mmoja alituachia katika ofisi ya afya Sumbawanga mashine ndogo ya hesabu, unaipangia maagizo nayo inayafuata yenyewe. Haikuwa na mabano. Unaingiza namba kwanza, alama ya kujumlisha au kuzidisha inafuata nyuma. Wenzangu waliikimbia. Mimi, Anyitike wa Tukuyu, nikaitwa fundi, kichwa kikavimba.

Adolfu, mganga msaidizi wa kijiji kipya upande wa Mpui, akaleta barua ya kuomba chanjo ya kifaduro. Kila mtoto alihitaji sindano tatu. Akaandika: watoto wenyeji 120 + wahamiaji 80 × 3. Nikaisoma kwa MAGAZIJUTO tuliyokaririshwa shuleni: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mabano hayapo, basi zidisha kwanza. Nikaipangia mashine: 120, 80, 3, zidisha, jumlisha. Ikatoa 360, nikaagiza dozi hizo hizo. Kumbe zilitakiwa 600. Ilikuwa nijumlishe watoto kwanza, ndipo nizidishe. Sikumwuliza Adolfu chochote. Fundi haulizi.

Raundi ya kwanza wote walichomwa. Raundi ya pili dawa ikaisha, watoto arobaini wakarudishwa nyumbani, akiwemo Leonardi, mjukuu wa Mama Agnesi. Tuliagiza nyingine haraka, lakini kifaduro kilitutangulia, na baridi ya Juni ikakisaidia. Leonardi alikohoa wiki tatu, akafariki hajatimiza mwaka.

Adolfu hakunilaumu. Alisema tu kwamba aliandika kama anavyosema, na akisema watu humwelewa. Nilitamani anitukane.

Nikaenda msibani, maana nilishindwa kukaa na jambo lile peke yangu. Nilimwamkia Mama Agnesi shikamoo. Nikamweleza yote: mashine, kanuni, kosa langu. Hakuwahi kusoma. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, kisha akauliza watoto walikuwa wangapi. Nikamjibu mia na ishirini wenyeji, na themanini waliohamia.

"Hao wote si ni watoto, baba?" akasema taratibu. "Unawaweka pamoja kwanza, ndipo unahesabu sindano. Wewe uliwatenga ili iweje?"

Nililia pale pale mbele ya wafiwa, mtu mzima na ofisi yangu.