Sketi za Kwaya Zimeisha Pindo

Mwalimu wa kwaya alipoingia dukani na furushi kwapani, Fundi alijua kilichomo kabla halijafunguliwa. Zilikuwa sketi za kwaya, zile za zambarau, na hii ilikuwa mara ya tatu zinarudi kwenye cherehani yake.

Mwanzo zilifunika goti. Watu wakanung'unika, zikashuka chini ya goti; wakanung'unika tena, zikashuka hadi katikati ya muundi. Sasa mwalimu, mtu mzima mpole asiyependa ugomvi, alikuwa anaomba zifike kwenye kifundo cha mguu, na alikuwa anaomba huku akitazama pangaboi.

Fundi aligeuza sketi moja nje ndani, akamwonyesha. Pindo lilikuwa limekwisha. Kushusha zaidi maana yake kuunga kitambaa kingine, na rangi ile haikupatikana tena. Mabinti wangesimama mbele ya kanisa wamevaa viraka. Na kwa kuwa yeye mwenyewe aliimba sauti ya pili, kiraka kimoja kingekuwa chake.

Akauliza safari hii amelalamika nani. Mwalimu akasema ni kijana mmoja anayepata majaribu wakati wa mazoezi. Jina hawezi kulitaja, ameambiwa kwa siri.

"Na yeye umemwambia afanye nini?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Nimemwombea."

"Kwa hiyo sisi tufumue, yeye aombewe."

Mwalimu aliacha furushi mezani, akaaga kwa haraka ya mtu aliyesahau chungu motoni.

Mchana Fundi alipokwenda nyumbani kula, alimkuta mdogo wake mezani. Huyu ndiye mpiga kinanda wa kwaya, na kila mtu alimwita Vidole. Vidole akauliza, mdomo umejaa, kama zile sketi zitakuwa tayari Jumamosi.

Fundi hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za sketi. Aliweka kijiko chini, akamtazama mpaka yule akaacha kutafuna. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye aliyeshika nguo za watu siku nzima alikuwa hajakiona cha kwake.

Vidole hakukana. Alijitetea kwamba anajitahidi kuishi safi, kwamba dada yake ni mwanamke na hawezi kuelewa. Akiwa kwenye kinanda, mbele yake kuna mstari wa sauti ya kwanza, na kwenye mstari huo kuna Muuguzi. Muuguzi alikuwa rafiki wa Fundi tangu wakiwa watoto wa shule ya Jumapili.

"Yeye anavaa kama wenzake wote," Fundi alisema.

"Ndiyo maana nikaomba wote washushe. Sikutaka kumwaibisha mmoja." Alisema hivyo kama mtu anayengoja kushukuriwa.

Fundi aliisogeza sahani yake kando. "Mahubiri yote ya jicho tuliyosikia tangu utotoni," alisema, "sijasikia hata moja linalosema jicho lako likikusumbua, mwenzako aongezewe sketi."

Jumamosi alilibeba furushi hadi ukumbi wa kanisa likiwa vilevile. Kabla ya wimbo wa kwanza aliomba nafasi. Akasema sketi hazijaguswa na hazitaguswa, kwamba amechoka, na kwamba kama kuna ndugu anasumbuliwa na macho, basi macho hayo yana mwenyewe. Alikuwa amepanga kuishia hapo. Lakini alimwona mdogo wake ameinamia kinanda kama anatafuta sindano, akaona si haki kurusha mawe huku naye amejificha nyuma ya ukuta.

"Mimi pia nina macho," akasema. "Mpiga gitaa akikunja mikono ya shati afunge nyaya, ubeti wa pili wote hunipotea. Mbona sijaenda kwa mwalimu kudai ashonewe kanzu?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mpiga gitaa, ambaye siku za kazi alikuwa fundi umeme, aliitazama mikono yake kama kitu alichookota njiani. Kicheko kilikatika Vidole aliposimama.

"Ni mimi niliyelalamika," alisema. "Sketi haina kosa. Hata akivaa gunia nitamtazama. Siku hizi namtazama hata asipokuwepo."

Hakutaja jina, lakini shingo zote ziligeukia upande mmoja.

Muuguzi alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Alisema kwa uchovu kwamba wodini anavaa gauni la kazi linalotosha watu wawili, na bado wapo wanaomtazama vibaya huku akiwasafisha vidonda. Kwa hiyo habari ya kitambaa kirefu asielezwe yeye. Wasichana wakaitikia. Kisha akageuka, akamtazama Fundi, si mwanamume yeyote.

"Lakini nisijifanye malaika. Nilijua ananitazama. Kuna blauzi naivaa siku za mazoezi tu, na nasimama upande wa kinanda. Akikosea noti, nafurahi."

Fundi alikaa chini. Alitamani kuvigonganisha vichwa vyao viwili. Mgongo wake ulikuwa umepinda kwenye cherehani, anashusha zambarau wiki baada ya wiki, kumbe watu wawili wanacheza kibemasa, kujificha na kutafutana, juu ya jasho lake.

Mwalimu aliinuka haraka afunge kwa sala. Fundi alimwomba, kwa heshima zote, sala ingoje, watu wamalize kusema. Mwalimu akasita, kisha akavuta kiti akakaa. Ndipo Vidole akamwambia kwamba maombi anayashukuru, lakini angependa pia aulizwe kila wiki anaendeleaje, aulizwe bila kuzungushwa, na akidanganya abanwe. Mwalimu alikubali, ingawa uso wake ulionyesha kwamba kumwombea mtu kulikuwa kazi nyepesi zaidi.

"Ukinitaka, njoo mchana tukae tuzungumze," Muuguzi alimwambia Vidole. "Hunitaki, niache niimbe. Blauzi nitaiacha nyumbani. Si kwa sababu yako. Najua mwenyewe nilikuwa naivalia nini."

Mambo hayakunyooka siku ileile. Mama mlezi wa vijana alisisitiza kwamba sketi ndefu haijawahi kuua mtu. Vidole aligeuza kinanda kielekee ukutani, akawa haoni mkono wa mwalimu, akachelewa kuingia kila kiitikio mpaka akaamriwa akirudishe. Akawa anatazama, anainamisha macho, anatazama tena. Muuguzi alihamia upande wa pili wa mstari bila kuombwa na mtu.

Mazoezi yaliyofuata, ukumbi ulikuwa na joto la tanuri. Mpiga gitaa alikuja amefunga vifungo vyote hadi vya kwenye vifundo vya mikono, jasho linamtiririka, na pindo la mkono linanasa kwenye nyuzi. Fundi alivumilia wimbo mmoja. Wa pili ulipoharibika alimfuata, uso unamwaka kwa haya.

"Kaka, kunja mikono. Nilitaja shida yangu, sikukutuma uibebe."

Mpiga gitaa alitabasamu kwa aibu, akaanza kukunja, taratibu. Fundi aligeuka akarudi mahali pake kabla hajamaliza, akafungua kitabu cha nyimbo, akatafuta ubeti wa pili.