Waya wa Tano

Baba alipofariki, rauta yake ya intaneti nayo haikukaa. Umeme ulikatika, uliporudi ukaiunguza. Kaka akataka tununue ya hewani, nyaya zote zing'olewe, ukuta upakwe rangi.

"Nyumba hii hata buibui wanaionea wivu," alisema.

Nyaya hizo Baba alizivuta mwenyewe, chumba kwa chumba, akizipitisha darini hadi kwenye rafu ya sebuleni. Ncha zake alizipaka rangi ya kucha ya Mama asizichanganye: nyekundu ya jikoni, zambarau ya chumbani kwao. "Waya hauna umbeya," alipenda kusema. "Unafikisha ulichoupa, basi."

Dukani muuzaji alitutolea rauta yenye antena nyingi, kama kombamwiko aliyelala chali.

"Siku hizi waya wa nini, dada?"

"Tunazo tayari ukutani," nikamjibu. "Tuonyeshe ya waya."

"Matundu manne yanatosha," Kaka akadakia. "Sebuleni, jikoni, kwa Mama, na kwangu."

Mama, aliyesimama nyuma yetu, akasema, "Matano."

"Wa tano ni wa karakana ya Baba, Mama. Kule hakuna mtu."

"Nimesema matano, mwanangu."

"Ya matano sina, mama," muuzaji akasema. "Ipo ya manane."

"Lete hiyo. Mengine yatapumzika."

Nyumbani nilichomeka nyaya moja baada ya nyingine. Muuzaji alikuwa ametueleza kwamba taa ya tundu huwaka pale tu kifaa cha upande wa pili kikiwa kimewashwa. Ya jikoni haikuwaka. Ya chumbani kwa Mama pia. Nilipochomeka ule wa tano, wenye rangi ya waridi, taa ikawaka papo hapo.

Kaka aliinama kuitazama. "Karakana si imefungwa tangu mazishi?"

Tukamwita Mama; hakuwamo ndani. Tukazunguka nyuma ya nyumba.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Redio mbovu alizoziacha Baba zilikuwa zimefutwa vumbi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Baba, mbele ya kompyuta yake kuukuu, na idhaa ya mbali aliyoizoea Baba ilikuwa ikisoma habari.

"Mlidhani kila asubuhi naenda wapi?" alisema bila kugeuka. "Tangu ile rauta iungue, hapa palikuwa kimya mno."

Kaka alivuta kreti tupu, akaketi kando yake.

"Ongeza sauti kidogo, Mama," akasema.