Jina la Baba Mkwe

Najat alilipenda dodoso. Yeye aliyekuwa akijificha stoo wateja wakijaa dukani kwa baba yake, Tukuyu mjini, sasa aliweza kuketi na mtu asiyemjua na kumhoji, maana maneno yote yalikwishaandikwa. Tajiri na mjane walisomewa swali lilelile, kwa maneno yaleyale.

Siku hiyo alikuwa kijijini Lufingo. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameruhusiwa msimu ule, na chuo kilichomtuma kilitaka kujua wakulima wanaonaje. Esnath, mkulima wa hapo, alikuwa amemngoja tangu asubuhi, amevaa kitenge kipya.

"Kahawa tunachuma sisi, lakini hao wanunuzi wanaongea na wanaume tu," alisema. "Leo na mimi nitasema."

"Karibu, dada. Swali la kwanza. Taja jina la mkuu wa kaya."

Esnath akainamisha kichwa.

"Dada?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

"We mtoto wa mjini, unataka nife kwa aibu? Mkamwana hatamki jina lile! Hata nikimwona njiani, naingia migombani mpaka apite."

Masikio ya Najat yakapata moto. Kuruka swali, marufuku. Kumwuliza jirani, marufuku. Na msimamizi wa wahoji, Andrea, alishasema kwamba fomu isiyo na jina la mkuu wa kaya ataichana. Akazitazama kurasa nane zilizobaki: bei, mizani, nani huamua kuuza. Yote ambayo Esnath alikuwa amejiandaa kuyasema yangeishia kwenye ndoo ya taka.

"Basi andika mume wa jirani," Esnath alisema. "Yeye anapenda ukuu."

Wakacheka wote wawili. Kisha Najat akauliza kwa sauti ndogo, swali ambalo halikuwamo kwenye karatasi:

"Na kuliandika, dada? Nako kumekatazwa?"

Esnath akafikiri kidogo. "Waliokataza hawakujua kusoma. Sijasikia wakisema habari ya kalamu."

Mhojiwa hakuruhusiwa kushika fomu. Najat akamkabidhi, na kalamu juu yake.

Esnath aliandika huku uso ameuelekeza migombani, herufi zikapanda juu ya mstari. Alipomaliza akalifunika jina kwa kiganja mpaka Najat alipofunua ukurasa.

"Haya, mdogo wangu. Niulize la bei."

"La bei ni la tisa, dada. Tunafuata mpangilio."

"Fuata tu. Lakini ukifika hapo, tafuta karatasi nyingine. Hiyo haitatosha."