Haki Alikaa Nje na Kadi ya Mgeni

Enyi wenzangu mnaoamka alfajiri kuwahi zamu, nawasimulia ndoto niliyoota mchana kweupe, nikiwa kazini, na msinicheke kabla sijamaliza. Siku yenyewe ilianza vibaya. Kazi yetu, kwa asiyeijua, ni kutazama picha za barabarani na kuchora kisanduku kuzunguka kila kilichomo, gari kisanduku chake, mbuzi chake, mtu chake, ili mashine za wenye kampuni walioko ng'ambo zijifunze kuona. Kitabu cha maelekezo kimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuona mkokoteni. Wiki iliyopita meneja wetu, Bwana Deusdedit, alipita katikati ya meza akasema kwa mdomo wake kwamba tunapoteza sekunde nyingi. Mkokoteni na mtu anayeusukuma tuviweke kwenye kisanduku kimoja, tuandike "kizuizi," tusonge mbele. Nilimsikia. Sote tulimsikia. Jana wenye kampuni wakauliza ni nani huyo anayeifundisha mashine kwamba binadamu ni kizuizi, na bosi, bila haya hata chembe, akajibu kwamba ni Ambakisye.

Ambakisye anakaa meza inayofuatana na yangu. Ni mtu mzima, baba wa mapacha, mpole mpaka anakera, na kosa lake ni kwamba alitii upesi kuliko sisi wengine, kwa hiyo visanduku vingi vina namba yake. Mimi ndiye mkaguzi wa kazi yake. Saa nne asubuhi ikanifikia barua pepe ya bosi, nakala kwake: Ambakisye amevunja maelekezo kwa uamuzi wake mwenyewe, mkaguzi akiwa na pingamizi aandike kabla ya saa tisa, asipoandika itahesabika amekubali, na mhusika ataondoka leo hii. Yaani kati ya mtu yule na mlango lilibaki neno langu tu. Yeye alisoma, akanitazama mara moja, akarudi kwenye picha zake kama mtu aliyekwisha tulia. Mimi niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mkataba wangu unahuishwa mwezi kwa mwezi, na anayeuhuisha ni huyo huyo Deusdedit. Niseme ukweli, niliogopa.

Saa saba mtandao ukakatika jengo zima. Simu zetu huwa tunaziacha makabatini mlangoni kwa amri ya kampuni, na bosi alikuwa amejifungia kikaoni. Tukaambiwa tusubiri. Nikaingia chumba cha mapumziko, kwenye yale magunia laini ya kukalia, ya rangi rangi, waliyotuletea ili tupigwe picha tukiwa na furaha, nikajiambia nijinyooshe dakika kumi tu nipange maneno yangu. Sikumaliza hata neno la kwanza, usingizi ukanibeba.

Nikajikuta kwenye nchi tambarare, nyeupe tupu, isiyo na kivuli wala harufu, na kila kilichokuwepo kilikuwa kimechorewa mstari mwekundu wa pembe nne: jiwe, kichaka, kisima, hata kuku, nao kuku walidonoa ndani ya mistari yao wasithubutu kuivuka. Mtu mmoja akanipita mbio, jasho linamtiririka, akageuka, akanipita tena alikotoka. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Mimi ni Kasi," akasema bila kusimama. "Hawajaniuliza ninakwenda wapi, wameniuliza nimetumia muda gani." Akapotea, akarudi, na kila aliporudi alikuwa amekonda zaidi. Nilimwonea huruma, kisha nikakumbuka kwamba mwezi uliopita walimpa cheti.

Nikiwa bado nashangaa, mkono laini ukanishika begani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, kitenge safi, uso mtulivu kiasi kwamba ukimtazama unataka kukaa chini. "Umechoka, mwanangu," akasema. "Mimi ni Subira. Nimeishi na mama yako miaka yote ile, na bibi yako kabla yake. Twende nikuonyeshe nchi." Nilifurahi jamani, maana kwetu jina hilo tumelelewa nalo. Nikamwamkia, nikamfuata, akanipeleka mpaka mbele ya jumba refu la vioo ambalo mtu aliye nje aliona kila kitu cha ndani.

Kutoka ghorofa ya juu kabisa kilisikika kilio cha mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa mkubwa, mzito kama gunia la mchele, na hakuna aliyetaka kumpakata. "Anaitwa Lawama," Subira akanieleza. "Huzaliwa huko juu, ila huko juu hawana desturi ya kulea." Nikaona aliyemzaa akimkabidhi wa chini yake, anasema mshike kidogo nakuja, na yule akamteremshia mwingine, anasema si wangu, nimeachiwa tu. Ghorofa kwa ghorofa, kwa adabu na tabasamu, hadi akafika kwa mtu mwenye mabega kama ya Bwana Deusdedit, ambaye alimpokea akiinama, ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, na papo hapo akaanza kuchungulia ngazini chini yake kuna nani. Chini kabisa, mahali ngazi zilipoishia, alikuwepo mtu mmoja anasukuma mkokoteni. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi na hakuwa na habari ya kinachoteremka.

Nikaona nimtangulie Lawama, niingie nimwonye yule mtu. Pembeni mwa mlango palikuwa na benchi, na juu ya benchi mama mwembamba, mgongo wima, kadi ya mgeni imening'inia shingoni, imepauka mpaka maandishi hayasomeki. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba. "Mimi ni Haki," akasema. "Humu mgeni haingii peke yake. Lazima mfanyakazi aje amchukue mlangoni, amwingize, akae naye. Wewe unayo kadi." Nikajipapasa shingoni, kweli ninayo. Alikuwa hanibembelezi wala hanilaumu, ananiambia utaratibu tu, kama wanavyofanya watu wa mapokezi.

Subira akanivuta kando kwa upole. "Atakwenda," akamwambia mwenzake, "lakini si sasa hivi." Kisha akanigeukia. "Ukiingia na hasira, mwanangu, maneno yatakutoka ovyo, na wataandika kwamba una matatizo ya nidhamu. Kaa kwanza. Pumua. Lipange neno la kwanza, ulipange la pili, ulitazame la tatu kama lina ncha. Mtoto bado yuko juu. Muda upo." Sauti yake ilikuwa tamu, na nyasi pale chini, ingawa nyeupe, zilikuwa laini.

"Maneno hayo nimeyasikia kwenye benchi hili tangu jengo halijapauliwa," akasema Haki.

Subira hakukasirika. "Huyu ni ndugu yangu, tumbo moja," akaniambia. "Zamani tulitembea pamoja. Mimi nilimshika asijikwae, yeye alinionyesha tunakokwenda. Kampuni ilipofika ilitufanyia usaili wote wawili. Mimi nilipata." Akafungua kitenge kidogo, na pale kifuani ikaonekana kadi ya kijani, ya ajira ya kudumu, ambayo mimi sijawahi kuishika mkononi. Hapo ndipo ninapojichukia, maana nilielewa. Niliiona kadi, nikaelewa anamfanyia nani kazi, na bado nikalaza kichwa mapajani pake.

Nilipoinua macho, Lawama alikuwa amefika chini. Walimfunga mgongoni mwa yule mwenye mkokoteni wakati amegeuka, mstari mwekundu ukachorwa kuwazunguka mtu, mkokoteni na mtoto kwa pamoja, na yule mtu akatazama nje kupitia kioo akanitafuta kwa macho. Nikaruka, nikamkamata Haki mkono, nikapitisha kadi mlangoni. Taa ikawaka nyekundu. Nikapitisha tena, nyekundu. "Nani ameifunga?" nikamuuliza. Haki akautoa mkono wake taratibu, akarudi kukaa. "Hakuna aliyeifunga," akasema. "Imeisha muda."

Nikaamka. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika kumi na mbili. Nje ya chumba vitufe vilikuwa vinalia mezani kote. Mtandao ulirudi tangu saa nane, na mtu mwenye roho nzuri alikuwa amenizimia taa nipumzike vizuri. Sikuhitaji wa kunitafsiria. Siku nzima nilikuwa nauita woga wangu kwa jina la Subira, na wao walijua nitauita hivyo, ndiyo maana hawakuniomba niseme uongo wowote. Waliomba ninyamaze mpaka saa tisa, nami nikawafanyia, tena kwa raha, nimejilaza.

Nilimkuta Ambakisye kwenye makabati, mlinzi kasimama nyuma yake. Simu alikuwa ameshaichukua, na mfukoni alikuwa ametia ile picha ya mapacha aliyokuwa akiibandika pembeni mwa skrini. Nilifungua mdomo, yeye akaniwahi.

"Usijisumbue, Dada Mwasiti," akasema. "Hawa watu hawasikii. Nimempigia mke wangu sasa hivi, nikamwambia nimefukuzwa, lakini yuko dada mmoja pale ndani alinisimamia. Hilo peke yake limenipa nguvu. Najua umejitahidi."

Akaninyooshea mkono. Mlinzi alitazama pembeni kwa heshima, akitupa nafasi ya kuagana, na nilikuwa na muda wote wa kumwambia kweli.

"Nilijitahidi, kaka," nikasema, nikaupokea mkono wake.